Mashine ya kutotolesha, sensa tatu, waya mita nne: I2C, SPI au kitu kingine?

Mama_Vifaranga (Arua)

Wadau, nawasalimu. Nina mashine ya kutotolesha mayai niliyojengewa na fundi seremala hapa Arua, plaiwudi nje, bati ndani, trei tatu. Umeme wote nimefunga mwenyewe. Hadi mwaka jana nilikuwa naiendesha kwa kidhibiti joto cha bei rahisi chenye sensa moja. Shida yake, trei ya juu inatotoa vizuri, ya chini vifaranga wanafia ndani ya yai siku za mwisho. Nikasema nipime kila trei peke yake.

Nimeagiza Kampala bodi moja ya ESP32, ile kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa, na moduli tatu za sensa ya BME280, zinapima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Kifurushi kimekuja na basi la usiku, kimefika salama. Moduli zina pini sita: VCC, GND, SCL, SDA, CSB, SDO. Maelezo yanasema zinaongea I2C na SPI, yaani njia mbili za sensa kusemezana na bodi kwa nyaya, chagua mwenyewe. Hapo ndipo nilipokwama. Video zote nilizotazama wanatumia I2C, lakini wao sensa iko mezani, shubiri moja kutoka kwenye bodi. Bodi yangu iko kwenye kisanduku ukutani, nje ya chumba cha mashine, maana ndani ni joto na unyevu. Waya unaopita katikati ni mita nne.

Nilijaribu I2C na sensa moja. Inasoma. Ila feni ikiwashwa na rilei (swichi inayoendeshwa na bodi), kuna wakati usomaji unaganda. Namba inabaki 37.6 kama imepigiliwa msumari mpaka nizime na kuwasha upya. Wiki iliyopita iliganda saa tano usiku, nimeamka alfajiri hita bado inawaka. Mayai ya trei ya juu yaliiva. Nasema yaliiva kweli, unaweza kula na chumvi.

Nichague nini? Nitashukuru nikijibiwa na mtu aliyeshika waya kwa mkono wake.

nyaya_nane (Kampala)

Pole mama. Jibu ni SPI, wala usisumbuke. BME280 kwenye SPI inafika MHz 10. I2C watu wengi wanaishia kHz 400.

La pili: chipu hiyo ina anwani mbili tu za I2C. SDO ukiipeleka GND inakuwa 0x76, ukiipeleka kwenye volti inakuwa 0x77. Wewe una sensa tatu. Ya tatu utaiweka wapi? Kwenye SPI kila sensa ina waya wake wa kuchagua, ndiyo hiyo pini ya CSB. Ukiishusha, sensa hiyo ndiyo inayojibu, nyingine zinanyamaza. SDA inakuwa ya kuingiza data, SDO ya kutoa, SCL mapigo ya saa. Nyaya tatu za pamoja, tatu za kuchagua, mbili za umeme. Jumla nane, sawasawa na kebo ya mtandao. Kama vile imepangwa.

Mjomba_Malaba

Weka DHT22 tatu, sensa nyingine za joto na unyevu, umalizane nayo. Waya mmoja wa data kwa kila moja. Hizi I2C ni kujitafutia presha.

Mzee_Solda (Jinja)

Mjomba, DHT22 nimezitupa za kujaza kopo. Zikikaa kwenye unyevu wa asilimia 70 siku nyingi zinaanza kudanganya. Yai halitaki kudanganywa.

Mama, kabla hujamfuata mtoto wa kasi, tupige hesabu kidogo. BME280 ukiisoma yote kwa mkupuo ni baiti nane, rejista (vyumba vya kumbukumbu ndani ya chipu) 0xF7 hadi 0xFE. Ongeza anwani inayotumwa mara mbili na namba ya rejista, zinakuwa baiti kumi na moja. Kwenye I2C kila baiti ni biti tisa, ya tisa ni ya kukiri kwamba nimepokea. Biti 99. Kwa kHz 100, mwendo wa konokono wa I2C, hiyo ni milisekunde moja. Sensa tatu, milisekunde tatu. Yai linakaa humo siku 21. Unakimbilia wapi?

Jambo la kuuliza kwanza ni urefu wa waya na nani anapiga kelele jirani. I2C ilitoka kwa Philips mwaka 1982, ilikusudiwa chipu za ndani ya televisheni zisemezane bila msitu wa nyaya. Mimi nimeishi nazo, nimefungua televisheni hizo tangu enzi za kioo kinene. SPI ya Motorola nayo ni hivyo hivyo, ya chipu zinazokaa bodi moja. Hizi ni lugha za watu wa chumba kimoja, na wewe unataka wasikilizane wakiwa vyumba viwili, katikati kuna mtu anapiga ngoma. Mpiga ngoma ni feni yako.

Nijibu mambo matatu. Waya ni wa aina gani? Kwenye moduli kuna rizista ndogo zilizoandikwa nini? Rilei na ESP32 zinakula umeme wa chanzo kimoja?

Mama_Vifaranga

Mzee, asante. Waya ni ule bapa wa simu ya mezani, nyuzi nne, nilikuwa nao nyumbani. Rizista zimeandikwa 103. Umeme ni wa chaja moja ya simu ya volti 5, ndiyo inayolisha bodi na rilei.

Mzee_Solda (Jinja)

Basi mgonjwa tumeshamwona.

103 ni kilo-omu 10. Kwenye I2C hakuna anayesukuma laini kwenda juu. Chipu zinajua kuvuta chini tu, kupanda ni kazi ya hizo rizista. Waya nao ni kama mtungi, lazima ujazwe chaji ndipo volti ipande. Chukulia pikofaradi 50 kwa kila mita ya kebo, mita nne ni 200, ongeza 50 za pini na moduli, zinakuwa 250. Muda wa kupanda ni 0.85 mara rizista mara kapasitansi. Kwa kilo-omu 10 unapata mikrosekunde 2.1. Kanuni ya I2C kwa kHz 100 inataka isizidi mikrosekunde 1. Kwa hiyo ulikuwa nje ya sheria tangu mwanzo, inafanya kazi kwa huruma tu.

Sasa sikia kioja. Ukiunganisha sensa zote tatu, rizista zake zinakaa sambamba, 10 tatu zinakuwa 3.3. Muda unashuka hadi 0.7. Yaani ukiongeza sensa, laini inapona! Watu wengi wanadhani ni kinyume. Na ukiongeza rizista ya 2.2k upande wa ESP32 kwenye SDA na nyingine kwenye SCL, hata sensa ikiwa moja unakuwa karibu na 0.4. Usishuke chini ya kilo-omu moja kwa volti 3.3, chipu itashindwa kuivuta chini.

Ule waya bapa utupe. Chukua kebo ya mtandao iliyosokotwa. Ila usisokote SDA na SCL pamoja, zitaambukizana. SDA isokotwe na GND, SCL isokotwe na waya wa umeme.

Na kuganda kwako kuna sababu yake. Feni ikikatwa, mguso wa rilei unatoa cheche, cheche inaingia kwenye waya, sensa inahesabu pigo la saa ambalo hukulituma. Inabaki katikati ya sentensi, imeshikilia SDA chini, inangoja pigo linalofuata. ESP32 nayo inaona laini ina mtu, inangoja. Wanangojeana mpaka asubuhi. Dawa yake ni kutuma mapigo tisa matupu kwenye SCL, sensa inamaliza sentensi yake na kuachia. Huna haja ya kuzima mashine.

nyaya_nane

Mzee, kwenye kasi nimekubali, hapo niliropoka. Lakini SPI siiachi. Sababu yako mwenyewe inanisaidia: SPI laini inasukumwa juu na inavutwa chini na chipu yenyewe, haingoji rizista. Kwa hiyo ina nguvu zaidi mbele ya kelele. Na hakuna kuganda, ukiinua CSB sensa inasahau kila kitu, mnaanza upya.

Nimekwenda kujaribu leo kwenye maabara. Kebo ya mtandao mita tano, BME280 moja. Nasoma rejista 0xD0, ile ya utambulisho, inatakiwa irudi 0x60. Kwa MHz 4 napata takataka. MHz 1, mara sahihi mara takataka. Nikashusha hadi kHz 200, mara elfu kumi bila kosa hata moja.

Mzee_Solda (Jinja)

Kijana umefanya kazi, nakupa heko. Ulikuwa na feni hapo mezani?

nyaya_nane

Hapana mzee.

Mzee_Solda (Jinja)

Haya. Sasa chomoa waya wa MISO, ule wa SDO unaoleta data kwenye bodi, huku programu inaendelea, uniambie unasoma nini.

nyaya_nane

0xFF. Zote 0xFF. Na programu haikulalamika, imenipa tu joto la ajabu ajabu.

Mzee_Solda (Jinja)

Ndiyo maana yake. Kwenye SPI hakuna kukiri. Unasema, unasikia, lakini hujui kama upande wa pili yupo mtu. Panya akikata waya, utasoma 0xFF au 0x00 na utaziita data. I2C angalau inakuambia anwani 0x76 haijibu. Ukitumia SPI kwa mama huyu, basi kila usomaji utanguliwe na kuuliza 0xD0. Isiporudi 0x60, tupa.

Kadi_Kasese

Samahani kuingilia uzi. Nina PN532, ya kusoma kadi, ina swichi mbili ndogo na sijui nizipange vipi. Nataka iwe mlangoni, bodi ndani, kama mita moja hivi. Arduino Uno.

nyaya_nane

Angalia jedwali lililochapwa kwenye bodi yenyewe. Kwenye ile nyekundu ya kawaida, 0 na 0 ni HSU, yaani UART, njia ya kutuma data biti moja moja bila waya wa saa, 1 na 0 ni I2C, 0 na 1 ni SPI. Ukishabadilisha, zima umeme uwashe tena.

Mzee_Solda (Jinja)

Kwa mita moja mlangoni ningeweka SPI ya polepole. UART ya PN532 inaanza na kasi ya biti 115200 kwa sekunde, na Uno ina UART moja tu ya kweli, pini 0 na 1, ambayo inagawana na USB. Utakuwa unachomoa kila ukipakia programu. Ukihamia SoftwareSerial, UART ya kuigizwa na programu, kwa 115200 utalia. Ila kumbuka Uno ni volti 5, PN532 ni ya 3.3, hakikisha moduli yako ina kibadilisha volti kwenye pini za SPI. Fungua uzi wako basi, hapa kuna mayai.

Fundi_Mita (Gulu)

Nimesoma tangu juu nikiwa kwenye boda, nimefika nyumbani sasa naandika. Kazi yangu ni pampu za sola na mita zake, vitu vyote vinaongea Modbasi, lugha ya mashine za viwandani, juu ya nyaya za RS-485, mita mia na zaidi porini.

Kwanza niseme jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mama, mayai yako hayakuivishwa na I2C. Yameivishwa na programu inayoamini namba ya zamani. Uwe na SPI, uwe na RS-485, uwe na waya wa dhahabu, siku moja mawasiliano yatakatika. Andika hivi: kila usomaji mzuri unaweka alama ya muda, sekunde 30 zikipita bila usomaji mpya, hita izimwe na king'ora kilie. Juu ya hapo weka swichi ya joto ya kimakanika, ile ya kawaida ya pasi au birika lakini ya nyuzi 40 hivi, ikatize waya wa hita wenyewe. Hiyo haijui programu wala haitaki kujua. Yai lililopoa nusu saa linaweza kupona. Lililofika nyuzi 41 na kukaa humo usiku kucha, unajua mwenyewe.

Sasa waya. Mnabishana ni lugha gani ivuke mita nne, na mimi nauliza kwa nini lugha ya sensa ivuke kabisa. Weka bodi ndogo ndani, jirani na sensa. Pro Mini ya volti 3.3 inatosha, chipu yake ATmega328P inavumilia mpaka nyuzi 85, hizo 38 zako ni kama kivuli cha mwembe. Hiyo ndiyo izungumze na sensa kwa nyaya fupi. Na hiyo hiyo ndiyo iwashe na kuzima hita, akili iwe karibu na moto. Kisha itume taarifa tu nje kwa UART kupitia chipu ya RS-485.

RS-485 ni kiwango cha mwaka 1983, kilitungwa kwa viwanda. Nyaya mbili, A na B, moja ikipanda nyingine inashuka, mpokeaji anatazama tofauti yao. Cheche ya feni ikiingia inaingia kwenye zote mbili sawasawa, tofauti haibadiliki. Mita 1200 kwa mwendo wa chini, vifaa 32 kwenye laini moja. Kwako ni kuua mbu kwa panga, lakini chipu ni ya bei ya soda chache.

Tahadhari: MAX485, chipu ya RS-485 ya kawaida, ni ya volti 5, mguu wake wa RO, wa kutoa data, utatoa volti 5 na pini za ESP32 hazivumilii. Nunua MAX3485, ni ya 3.3. Kwa mita nne na 9600 huhitaji rizista za omu 120 mwishoni, ukiziweka haziharibu. GND ipite pia, watu wanasahau.

Kasi iwe 9600, usipande. Pro Mini ya 3.3 inaendeshwa kwa fuwele ya MHz 8, na 115200 haigawanyiki vizuri kwenye 8, kosa linakaribia asilimia 3.5, herufi zinaanza kuharibika. 9600 ni herufi 960 kwa sekunde. Taarifa yako ni herufi 40.

Mjomba_Malaba

ESP32 ina waifai ndani yake. Si aiweke ndani ya mashine, itume hewani, waya wa nini?

Fundi_Mita (Gulu)

Ndani amepiga bati pande zote, mjomba. Ni sawa na kuweka simu ndani ya sufuria na kufunika.

Mzee_Solda (Jinja)

Fundi umesema vizuri, isipokuwa nakuona unampeleka mama mbali. Mita nne, UART kavu kwa 9600 kwenye waya uliosokotwa inapita bila chipu yoyote. Nimewahi kupitisha mita kumi.

Fundi_Mita (Gulu)

Inapita mzee, siku feni imelala. Na ikiharibika wewe uko Jinja, mimi niko Gulu, mama yuko peke yake saa nane usiku na mayai mia mbili. Ndiyo maana nataka kitu kizito kuliko kinavyohitajika.

Mzee_Solda (Jinja)

Hapo sina neno. Lakini hata hivyo feni itulizwe yenyewe: rizista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, zikifuatana, ziwekwe juu ya mguso wa rilei. Kapasita iwe ile ya umeme wa ukutani, imeandikwa X2, usiweke ya kawaida ikulipukie. Na rilei ipewe chaja yake. Mnatibu sikio na kumwacha mpiga ngoma?

Mama_Vifaranga

Jamani. Nimesoma yote mara tatu na nimechora kwenye daftari.

Nimefuata neno la nyaya_nane la 0xD0, nikaziuliza sensa zote tatu moja moja. Mbili zimejibu 0x60. Ya tatu imejibu 0x58. Hii ni nini? Imeandikwa BME nyuma kama wenzake.

nyaya_nane

Mama pole tena. 0x58 ni BMP280. Joto na mgandamizo tu, unyevu haina. Ni ndugu yake wa bei ya chini. Kwa macho, BME280 kifuniko chake cha chuma ni cha mraba, BMP280 ni mstatili kidogo. Muuzaji amekuuzia BMP kwa bei ya BME.

Mama_Vifaranga

Nimempigia. Anasema yeye pia ameuziwa, nitume picha, tutaona. Nitakuwa mwalimu wa subira mwaka huu.

Nitaiweka trei ya kati ipime joto tu. Unyevu nitaupata juu na chini, ndiko ninakokutaka. Bado ni sensa tatu na anwani ni zile zile mbili, BMP nayo ni 0x76 au 0x77. Na Pro Mini nimeambiwa ina I2C moja. Sasa?

Mzee_Solda (Jinja)

Kama ungebaki na ESP32 ndani ningekuambia ina I2C mbili, ya tatu ungeihamishia ya pili. Kwa Pro Mini utahitaji kigawanyaji cha TCA9548A, njia nane, anwani yake 0x70. Ni bodi nyingine ya kuagiza na basi.

nyaya_nane

Au SPI 😄 Nyaya ziko sentimita 50 sasa, bodi ipo ndani, pini za kuchagua ziko tele. Hakuna cha kununua.

Mzee_Solda (Jinja)

Nyie watoto hamchoki. Lakini safari hii amesema kweli. Ndani iwe SPI, kHz 500, na uulize 0xD0 kila mara kama tulivyosema, kwa ya kati ukingoje 0x58.

Kitu kimoja: CSB zote tatu ziinuliwe juu na programu kabla hujaanza kuongea na yeyote. Na chipu hii ikishaona CSB imeshuka mara moja, inakuwa ya SPI mpaka umeme uzimwe. Ukirudi kujaribu I2C bila kuzima utadhani imekufa.

Mama_Vifaranga

Taarifa ya jumamosi.

MAX3485 zimefika mbili. Nimechomelea usiku, nikawasha, kimya. Hakuna herufi hata moja upande wa nje. Nikapima volti, zipo. Nikakagua nyaya mpaka macho yakauma. Nikataka kuandika hapa kwa hasira.

Fundi_Mita (Gulu)

Geuza A na B. Watengenezaji hawajakubaliana ipi ni ipi. Haitaungua.

Mama_Vifaranga

Imeongea!!! Kaka Mungu akubariki. Nimepiga kelele mpaka jirani kaja na tochi.

nyaya_nane

Hongera mama! Bodi ya ndani umeikinga na unyevu vipi?

Mama_Vifaranga

Rangi ya kucha isiyo na rangi, mikono miwili. Binti yangu amenuna, chupa imeisha. Kwenye sensa nimeruka, kile kitundu cha kifuniko hakijaguswa.

Sasa naona kitu ambacho sikukijua miaka miwili. Juu 37.9, kati 37.6, chini 36.8. Nyuzi moja nzima na zaidi! Ndiyo maana ya chini walikuwa wanafia ndani. Sensa zenyewe zinaaminika kiasi gani?

Mzee_Solda (Jinja)

Kabla hujalaumu mashine, zifunge zote tatu pamoja kwa uzi, ziweke mahali pamoja saa moja, uone zinatofautiana kwa kiasi gani. BME280 inaruhusiwa kukosea hata nusu nyuzi mpaka nyuzi moja. Kisha kipimajoto cha hospitali, kile cha kwapani, pembeni yake. Tofauti unayoipata iandike kwenye programu kama ya kutoa au kujumlisha. Na usizisome mfululizo, zinajipasha moto zenyewe. Kila sekunde kumi inatosha.

Mama_Vifaranga

Nimefanya. Ya chini ilikuwa inasoma pungufu kwa 0.3, za juu zimelingana. Kwa hiyo tofauti ya kweli ni kama 0.8. Nimehamisha feni ikapuliza kuelekea chini badala ya kutazama ukuta. Sasa juu 37.8, chini 37.5. Mayai yameingia leo.

Mjomba_Malaba

Tutahesabu siku 21 pamoja nawe.

Fundi_Mita (Gulu)

Siku ya ngapi sasa? Laini imekatika mara ngapi?

Mama_Vifaranga

Siku ya 12. Nilihesabu kwenye programu: taarifa zilizoharibika ni tatu tangu mwanzo, zote jumla ya ukaguzi haikulingana, zikatupwa. Mbili zilitokea umeme uliporudi baada ya kukatika. Kuganda, hakuna. Feni ina ile rizista na kapasita ya mzee, nimeichomoa siku moja kujaribu, taarifa zikaanza kuharibika, nimeirudisha upesi.

Jana nilichomoa waya wa RS-485 makusudi, kama mtu anayejaribu breki. Nje king'ora kimelia baada ya sekunde 30. Ndani hita imeendelea na kazi yake kama kawaida, haina habari na mimi.

Mzee_Solda (Jinja)

Usisahau siku ya 18, acha kugeuza mayai, unyevu upande 65 hadi 70.

Mama_Vifaranga

Nimeupandisha, mabakuli mawili ya maji na kitambaa. 67.

nyaya_nane

Mama leo ni ya 21, tupe habari. Trei ya chini vipi??

Mama_Vifaranga

Nasikia sauti humo ndani tangu saa kumi na moja alfajiri, na kupitia kioo naona trei ya chini imejaa manyoya yaliyolowa. Msiniulize wangapi. Sifungui mlango, unyevu uko 68 na nikiufungua utaanguka, wengine bado wanatoboa ganda. Nitahesabu kesho jioni.

Mjomba_Malaba

Majogoo nichukue mimi.